Kuitembelea Bustani ya Mimea Amani: mwongozo kamili wa siku mbili katika milima ya Usambara Mashariki

Mara ya kwanza nilipopanda Amani nilimuuliza kijana wa bodaboda aliyenileta, "Bustani yenyewe iko wapi?" Akazima pikipiki, akacheka. "Kaka, uko ndani yake tangu tulipopita pale darajani." Nilikuwa nimeona msitu tu. Nikashinda mle siku nzima peke yangu, nikapiga picha za miti nisiyoijua hata mmoja, jioni nikateremka nikiwaambia watu kwamba Amani hakuna kitu.

Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, na mwongozo huu ni kwa ajili ya yule mtu niliyekuwa. Amani si mahali pa kuketi kwenye nyasi na birika la chai. Haina maua yaliyopangwa kwa rangi, haina bembea, na kibanda cha soda utakikosa. Ni shamba la majaribio la zaidi ya miaka mia moja lililoachiwa msitu, na msitu umekuwa ukilirudisha kidogo kidogo. Ukienda ukilijua hilo, hata mmea wa pilipili manga utakusimamisha dakika kumi.

Jua kwanza unaenda kuona nini

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilifungua hapa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, mkuu wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Nia ilikuwa moja: kila mmea wenye faida unaoota nchi za joto uletwe, upandwe, ionekane kama utakubali udongo wa Afrika Mashariki. Wakagawa mlima vipande vipande, kila kipande na aina yake: mipira ya aina kadhaa, mikwinini, kahawa, mikarafuu, midalasini, mikafuri, michikichi, mikaratusi, mianzi, misaji. Bustani ikafika hekta zipatazo 300 na kuhesabiwa miongoni mwa bustani kubwa za mimea barani Afrika.

Waingereza waliirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaigeuza kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Kuanzia 1948 kazi hiyo ikahamishiwa Muguga, Kenya. Mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa Amani nayo ikapelekwa Nairobi, na ndiyo chanzo cha hebaria kubwa iliyoko huko hadi leo. Majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria, na sasa yako chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Lakini mwenye kupalilia vile vipande hakuwepo tena. Mwaka 1997 bustani pamoja na misitu inayoizunguka, jumla hekta 8,380, ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Leo msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

Kwa hiyo unapotembea unakuwa na mambo mawili mbele yako kwa wakati mmoja: msitu wa asili wa Usambara, wenye viumbe visivyopatikana kwingine duniani, na wageni waliopandwa ndani yake. Kazi yako kubwa ni kujua yupi ni yupi.

Chagua majira

Amani hupata mvua ya milimita zipatazo 1,900 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata takribani 1,100. Mvua ya mlimani haina ratiba. Hata mwezi uitwao wa kiangazi, saa nane mchana ukungu unaweza kushuka na kukulowesha bila tone kuonekana.

Nenda Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba. Juni na Julai usiku ni wa sweta na blanketi zito. Anayetoka Tanga mjini au Mombasa asilidharau neno hili. Oktoba hadi Desemba ni vuli: kunateleza, lakini msitu unanukia na vyura wanaimba usiku kucha, na mimi binafsi huipenda. Aprili na Mei usiende. Niliwahi kwenda Aprili kwa gari la kukodi, tukalala njiani tukingoja tope likauke, na mwenye gari hakutaka kusikia habari ya punguzo.

Namna ya kufika

Njia zote hupitia Muheza, mji ulioko kwenye barabara kuu kati ya Segera na Tanga. Anayetoka Dar, Moshi au Arusha apande basi la Tanga na kumwambia kondakta mapema kwamba anashuka Muheza. Anayetoka Mombasa avuke Horohoro, afike Tanga, kisha achukue gari la Muheza. Ni mwendo wa saa moja hivi.

Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita zipatazo 35, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Usidhani ni nusu saa. Barabara ni ya vumbi, na kilomita kumi hivi za mwisho, baada ya lango la Sigi, ni mlima na kona za kukunjana. Magari ya abiria kwa kawaida hupanda kutoka Muheza mchana na kushuka kutoka mlimani alfajiri, kwa sababu yanafuata mahitaji ya wanakijiji wanaokwenda sokoni, si ya watalii. Kwa hiyo uwe Muheza kabla ya saa sita mchana. Uliza stendi, "Gari la Amani liko wapi?" na uulize watu wawili, si mmoja. Ukichelewa, bodaboda zipo. Patana bei kabla ya kupanda, na kama una begi kubwa kodi mbili.

Mwenye gari lake: gari dogo hufika wakati wa ukavu kwa dereva mvumilivu. Mvua ikinyesha, ni gari la magurudumu manne yanayovuta au usiende. Jaza mafuta Muheza.

Ukiwa Muheza unangoja, nunua machungwa. Wilaya hii inajulikana nchi nzima kwa machungwa yake, na mlimani hayapatikani kwa bei hiyo.

Malipo na vitambulisho

Lango ni Sigi. Kuna kiingilio, na raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho chako cha taifa kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Wanaotoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Jumuiya wabebe pasi au kitambulisho chao. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo unayopewa, ukalipia kwa simu au benki. Weka salio la kutosha ukiwa bado Muheza: mtandao mlimani huja na kuondoka. Mwongozaji hulipwa kando ya kiingilio. Beba na pesa taslimu za chakula na za kumshukuru.

Anayetaka kukusanya majani, mbegu au wadudu kwa ajili ya utafiti anahitaji vibali vya utafiti kabla hajafika. Usijaribu kumbembeleza mlinzi langoni, utamweka pabaya.

Pa kulala

Usiende na kurudi siku hiyohiyo. Najua wapo wanaofanya hivyo. Wanafika saa nane, wanaona ukungu, wanapiga picha mbele ya kibao na kushuka. Panga usiku mmoja kwa uchache, mbili ukiweza. Zipo nyumba za wageni za hifadhi, Sigi chini na Amani juu. Ni za kawaida: kitanda safi, chandarua, maji ya moto pengine kwa ndoo. Piga simu ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla, utaje na chakula, kwa sababu mpishi hununua vitu kulingana na idadi ya watu. Ukifika jioni bila taarifa unaweza kuonyeshwa kitanda ukalala na biskuti.

Kati ya Sigi na Amani, mimi nachagua Amani kwa usiku wa kwanza. Sigi kuna joto na ndege wa nyanda za chini, lakini asubuhi ya Amani ndiyo uliyoifuata.

Begi

Viatu vyenye meno, si raba za mjini. Koti la mvua jepesi, kwa maana mwavuli msituni ni adha. Soksi ndefu, nawe uchomeke suruali ndani yake: utachekwa, lakini siafu hawacheki. Ukiwaona wanavuka njia kama ukanda mweusi, ruka, usisimame kutazama. Tochi yenye betri mpya. Darubini ukiwa nayo. Miti hapa ni mirefu na shingo itakuuma bure. Daftari na kalamu ya risasi, maana wino hulowa. Mfuko wa nailoni wa simu. Dawa ya mbu beba, ingawa kwenye mwinuko wa mita 900 mbu ni wachache kuliko bondeni.

Kitu kimoja zaidi: kipande cha kitambaa cheupe, hata leso. Matumizi yake yanakuja.

Mwongozaji ndiye bustani

Hapa sitafanya haraka, kwa sababu ndipo nilipopoteza safari yangu ya kwanza.

Vibao vya majina Amani vipo kwenye baadhi ya miti. Mingine vimeoza, mingine gome limevimeza, mingine haikuwahi kuwa navyo. Bila mtu anayeijua, huwezi kutofautisha mti ulioletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini na mti uliokuwepo hapa tangu zama na zama. Programu za simu za kutambua mimea zinasaidia kwenye mimea ya kawaida, lakini msituni ambako jani liko mita 30 juu ya kichwa chako, simu itapiga picha ya nini?

Omba mwongozaji ofisini, kisha usikubali wa kwanza bila kusema unachotaka. Waongozaji hawafanani: mmoja ni mtu wa ndege, mwingine wa vipepeo na vyura, mwingine wa miti. Sema waziwazi, "Nataka mtu wa miti, anayejua vile vipande vya zamani." Akiwa mzee aliyefanya kazi kwenye kitalu au alikuwa mpimaji wa misitu, umebahatika. Mwamkie kwa shikamoo, mpe muda, usimwendeshe mbio.

Kisha mwombe majina matatu ya kila mti: la Kisambaa, la Kiswahili na la kisayansi. Hili si jambo la kujionyesha. Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi hapahapa, P. J. Greenway, alichapisha kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, nayo isingewezekana bila wenyeji waliomtajia majina hayo msituni. Ukiuliza jina la Kisambaa utaambiwa na matumizi: huu wa dawa ya tumbo, huu wa mpini wa jembe, huu haukatwi. Ukiuliza la kisayansi tu, utapewa maneno mawili ya Kilatini na safari itaendelea kimya.

Siku ya kwanza: Sigi na mto

Shuka langoni Sigi hata kama safari yako ni ya kufika Amani juu, mradi una usafiri wa kukusubiri. Nyumba ya Kijerumani iliyoko hapo ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi Sigi, kuteremsha mbao za msituni. Reli haipo tena, nyumba imebaki na kufanywa kituo cha maelezo. Dakika 20 zinatosha humo.

Usiondoke kabla ya kushuka mtoni. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo hunywesha mji wa Tanga. Mimi nimekulia kwenye maji hayo bila kujua yanakotoka, na sijui tulidhani yanatoka wapi. Bombani, labda.

Kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, mwombe mwongozaji akuonyeshe ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa ua hilo jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wanaolimwagilia wengi wao hawajawahi kusikia neno Muheza. Wataalamu siku hizi wameliingiza kwenye ukoo wa Streptocarpus, lakini jina la zamani ndilo linalojulikana. Litazame, lipige picha, usiling'oe. Porini limebaki kwenye vipande vichache vya mwamba, na kila anayeondoka na mche mmoja hudhani ni yeye peke yake.

Kupanda kutoka Sigi hadi Amani kwa miguu kunawezekana kwa mwenye mapafu. Kwa gari, mwombe dereva asimame mara mbili tatu. Miti hubadilika kadiri unavyopanda, na hewa pia: kuna kona moja ambapo ghafla unatamani kuvaa shati la mikono mirefu.

Siku ya pili: matembezi yenyewe

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai utakunywa ukirudi. Saa hiyo mbega wako kwenye matawi ya juu, weusi na ncha nyeupe za mikia yao, wanaota jua. Hondohondo wakubwa wenye pembe juu ya mdomo hupita kwa kishindo: mabawa yao husikika kama mtu anayekunguta mkeka. Wakumbuke hawa, wana kesi ya kujibu.

Mpenda ndege atataka kumwona chozi wa Amani na kale kandege kadogo kenye mdomo mrefu kaitwako kwa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyeishi hapa kuanzia 1928 hadi 1946. Nimekatafuta mara tano. Nimekasikia mara moja.

Anzia kwenye miti ya asili ili macho yapate kipimo. Mtambara ni mti wa Usambara hasa, shina limenyooka kama nguzo ya msikiti. Msambu una matunda makubwa ya hudhurungi yanayoning'inia, na mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia yanayoganda kama samli. Jina lake la kisayansi ni Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya yule yule mkuu wa taasisi. Kwa Wasambaa ni msambu, na walikuwa wakila mafuta yake kabla Stuhlmann hajazaliwa. Usipumzike chini yake wakati wa matunda.

Sasa ingia kwenye vipande vya zamani. Utavitambua kwa jambo moja: miti ya aina moja, unene unaokaribiana, na ukisogea kushoto au kulia mistari inajitokeza. Msitu haupandi kwa mistari.

Kwa mkwinini, simama. Gome lake ndilo linalotoa kwinini. Vita vya Kwanza vilipozuia meli, wanasayansi wa Amani walitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya miti yao wenyewe kwa ajili ya jeshi la Kijerumani. Miongo kadhaa baadaye wakaja watafiti wa malaria na kukaa kwenye majengo yaleyale. Muulize mwongozaji kama unaweza kuonja chembe ya gome lililoanguka. Uchungu wake hauondoki hata kwa chungwa.

Hapa ndipo leso inapofanya kazi. Okota jani lililoanguka, usilichume, likunje ndani ya leso na kulifinya, kisha unuse kitambaa. Mkafuri unanukia dawa ya kuchua. Mdalasini unanukia pilau. Mkaratusi unanukia kifua cha mgonjwa aliyefukizwa. Jani moja moja, leso ipeperushwe kati ya moja na jingine. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko yote, na ni njia ya kujifunza miti ambayo macho hayaiwezi.

Viungo vitakuchelewesha. Pilipili manga hupanda miti mingine kama mgeni aliyezoea nyumba, na iliki hukaa chini kwenye kivuli, matunda yake yakitokea karibu na udongo. Wengi tumeila iliki tangu utotoni bila kuuona mmea wake. Mimi nilidhani huning'inia juu kama kunde. Iliki ya wenyeji ililimwa chini ya miti ya msitu, na kwa kuwa mkulima hufyeka vichaka ili iliki ipate nafasi, miche ya miti mikubwa ilikosa pa kuotea. Ndiyo maana kilimo hicho ndani ya hifadhi kilizuiwa, na mzee yeyote wa kijijini atakuambia mambo mawili kuhusu uamuzi huo, yasiyopatana.

Kisha mwulize mwongozaji kuhusu mihogo. Hutaiona, lakini hadithi yake ndiyo kubwa kuliko zote. Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa ukimaliza mihogo Afrika Mashariki. Hapa Amani, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa porini, akiwemo mpira, ule mti ambao majani yake twayapika, kisamvu cha mpira. Ulikuwa umeletwa kwa ajili ya utomvu, utomvu ukashindwa soko, majani yakaenda jikoni na nguvu zake za kuhimili ugonjwa zikaenda kwenye muhogo. Uzao wa Amani ulifika hadi Nigeria na kuwa msingi wa mbegu nyingi za leo. Mbegu iitwayo Kaleso pwani ya Kenya na Namikonga kusini mwa Tanzania, inayovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, wataalamu huijua kwa namba yake ya Amani: 46106/27.

Musizi na hondohondo

Mwombe akupeleke mahali ambapo msitu wa asili unapakana na bustani. Utaona mti wenye shina jeupejeupe, umenyooka, mwingi kupita kiasi. Huo ni musizi, kama Waganda wanavyouita. Kisayansi Maesopsis eminii, kwa jina la Emin Pasha, mpelelezi mzaliwa wa Ujerumani. Uliletwa kujaribiwa, ukapandwa, ukakua upesi kuliko wenyeji wake. Matunda yake ni chakula kipenzi cha hondohondo, na hondohondo akishiba hutapika au kunya mbegu kilomita kadhaa mbali. Hilo peke yake lisingeleta shida kubwa. Lakini msitu ulipokatwa mbao kwa fujo, hasa miaka ya 1970, mapengo yakawa wazi, na musizi hupenda mwanga. Leo umo ndani ya msitu wa asili mahali pengi, nao si peke yake: mpira wa Amerika ya Kati uitwao Castilla nao umetoroka, na kichaka cha Clidemia kimejaza pembezoni mwa njia.

Ndiyo sababu ya kanuni mbili nitakazokuomba uzishike. Usibebe mbegu kutoka Amani, hata ile nzuri iliyoanguka njiani, hata "ya kumbukumbu". Na usije na mbegu: kabla ya kupanda mlima na kabla ya kuondoka, kung'uta viatu, fungua mikunjo ya suruali, toa mbegu ndogondogo zilizonasa kwenye soksi.

Alasiri na usiku

Baada ya chakula pumzika, maana ukungu wa mchana hauna huruma. Saa kumi panda kilima cha Mbomole. Si kirefu, mtoto wa miaka minane hukiweza. Juu utaona mashamba ya chai yamekatwa sawasawa upande mmoja na msitu usio na mpangilio upande mwingine. Ukipita kwenye chai, salimia wachumaji na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wako kazini, wanalipwa kwa kilo.

Usiku, nusu saa tu na mwongozaji, tafuta vinyonga. Hulala kwenye ncha za matawi, na tochi ikiwapiga huonekana weupe kama jani lililonyauka, kwa hiyo ni rahisi kuwapata usiku kuliko mchana. Mmoja wao ni Kinyongia vosseleri, jina linalomkumbuka Julius Vosseler aliyekuwa mtaalamu wa wanyama hapa. Na hilo Kinyongia ni neno letu lenyewe limevalishwa Kilatini. Usimshike wala usimwamshe kwa mwanga mrefu. Wakipiga kelele vyura usiwafuate nje ya njia.

Ukiwa na watoto, wanafunzi au wazee

Watoto: njia fupi, leso ya harufu, vinyonga, basi. Usiwalazimishe historia.

Wanafunzi: gawa vikundi vya watu wanane kwa mwongozaji mmoja. Kundi la arobaini msituni ni mkutano, hakuna anayesikia. Wape kazi moja kila kikundi, kwa mfano kutafuta mimea mitano iliyoko kwenye jiko la mama zao.

Wazee na wenye matatizo ya magoti wasikate tamaa. Sehemu nzuri ya bustani iko kando ya barabara ya gari kuzunguka makao ya Amani, na miti mikubwa haihitaji kupandiwa kilima. Mama yangu aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mianzi kwa saa mbili, akaniambia ndiyo safari bora niliyompeleka.

Kijiji cha Shebomeza, karibu na hapo, wanavijiji walianzisha ufugaji wa vipepeo, pupa zao (vipepeo wakiwa bado ndani ya gamba) zikiuzwa nje ya nchi, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Uliza ofisini kama siku hiyo pako wazi kwa wageni. Pakiwa wazi, nenda.

Kushuka

Gari la asubuhi halisubiri, na alfajiri ya Amani ni nyeusi. Muulize mwenyeji wako jioni saa kamili ya gari na mahali pa kusimama, mlipe mpishi na mwongozaji usiku huohuo, na begi lilale limefungwa. Weka tochi juu ya viatu ili uvipate gizani, na kabla ya kuvivaa vikung'ute: kwa ajili ya mbegu, na kwa ajili ya yeyote aliyeamua kulala humo. Stendi ya Muheza utafika watu wakianza kuchoma mihogo. Omba ya moto, yenye chumvi na pilipili, na kama muuzaji hana wateja wengi muulize unaitwaje huo muhogo wake.